CAMotics: kuiga kazi ya milingi kabla ya kugusa chuma

Kila programu ya msimbo wa G (maagizo yanayoiongoza mashine) naipitisha kwanza kwenye CAMotics, programu ya kuiga ukataji kwenye kompyuta, kabla haijafika kwenye mashine ya milingi ya CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta). Ni ya bure, huria, inaiga mihimili mitatu, na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac. Naipa nyota nne kati ya tano.

Jambo la kwanza ni vipimo vya kipande ghafi. Ukiiachia CAMotics ikadirie yenyewe, inafuata njia ya kikataji kisha inaunda kipande kinachoitosha njia hiyo. Hapo ndipo kosa linapojificha: umeandika Z-50 (kushuka milimita 50) badala ya Z-5.0, kipande kinaongezeka unene tu, na picha inaonekana safi kabisa. Weka vipimo halisi kwa mkono, tuseme milimita 100 × 80 × 20. Kama sifuri ya Z iko kwenye uso wa juu, kipande kianzie Z-20 kiishie Z0. Sasa ile Z-50 inatoboa hadi chini na unaiona papo hapo.

Halafu jedwali la vikataji. Kila namba ya T (namba ya kikataji) iwe na umbo, kipenyo na urefu wa kweli. Mfuko (shimo pana lisilotoboa) uliopangiwa kikataji cha milimita 6, ukikiandika 10, unatoka mpana kwa milimita 4, mbili kila upande, na utahangaika kutafuta kosa kwenye msimbo ambalo halipo.

Ukali wa picha usiuongeze sana tangu mwanzo. Ukipunguza kwa nusu ukubwa wa chembe (vipande vidogo vinavyounda picha), idadi yake huwa kama mara nane, na kompyuta inazama. Anza na chembe ya milimita 1, kisha shuka hadi 0.2 pale tu unapokagua ngazi ndogo. Duara kubwa la ajabu likitokea kwenye G02 au G03 (amri za kukata tao), angalia I na J (mahali pa kitovu cha tao): huenda zimeandikwa kwa vipimo kamili ilhali zinasomwa kama umbali kutoka mwanzo wa tao.

Nyota ya tano naizuia kwa sababu vaisi na klampu (vya kushikia kipande) na holda (ya kushikia kikataji) havimo kwenye picha. Tena G00 (mwendo wa haraka usiokata) inachorwa mstari mnyoofu, ilhali kwenye mashine nyingi kila mhimili hukimbia kwa kasi yake na njia inapinda, ikaweza kugonga klampu. Na kuna nukta ya desimali: vidhibiti (kompyuta za mashine) vingi vya aina ya Fanuc, kulingana na vilivyowekwa, husoma X100 isiyo na nukta kama milimita 0.1. Kwenye skrini ni 100, kwenye mashine kikataji kinaishia karibu na sifuri ya X. Kwa hiyo hata baada ya kuiga, inua sifuri ya Z juu kwa milimita 50 na uendeshe programu hewani, mstari mmoja mmoja, mkono ukiwa kwenye kitufe cha kusimamisha.