Wisin au Yandel: nani alisimama vizuri zaidi peke yake?

Wote wawili ni watoto wa Cayey, Puerto Rico, na walipanda jukwaani pamoja tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kama kundi la reggaeton la Wisin & Yandel. Mwaka 2013 kila mmoja akashika njia yake. Yandel alitangulia mwaka huohuo na albamu ya De Líder a Leyenda. Wisin akafuata 2014 na El Regreso del Sobreviviente, yenye wimbo Adrenalina aliowashirikisha Jennifer Lopez na Ricky Martin.

Kwa albamu, kura yangu naipa Yandel. Yeye ndiye mwimbaji. Viitikio vitamu vya kundi vilikuwa vyake, kwa hiyo alipobaki peke yake wimbo haukupwaya. Miaka ya karibuni ameimba hata na okestra ya simfoni, kazi ambayo mchanaji (rapa) kama Wisin angeipata kwa shida.

Jukwaani ni habari nyingine kabisa. Wisin anachana, anafoka, anawachokoza watu mpaka waliokaa wanainuka. Yandel, na miwani yake nyeusi, ametulia mno kwangu. Walipoungana tena 2018, ukumbi wa Coliseo wa San Juan ulijaa usiku baada ya usiku.