Uzoefu wangu: fundi aliyekataa futi

Nimengoja hasira zishuke ndipo niandike. Hazijashuka.

Nina vyumba vitano vya wageni hapa Mikindani, na jiko langu ni jembamba kama ujia: ukifungua friji, mtu wa pili inabidi atoke. Pembeni ya sinki lilisimama tangi la zamani la kuchemshia maji ya kuoga, kutu imelila chini hadi likawa linalia machozi sakafuni. La kutundika haliwezekani. Nyumba ni ya kizamani, ya mawe na chokaa, ukigusa ukuta kwa drili unamwagika unga, na lita 100 za maji ni kilo 100 hujahesabu chuma. Basi la kusimama litoke, la kusimama liingie. Duka moja la mjini (silitaji, wenyewe watajijua) wakasema fundi yumo kwenye bei. Nikafurahi, mjinga mimi.

Fundi akaja na guta na kijana wake, wageni wa korosho wamejaa. Sikumwona na futi, nikamtolea yangu ya kushonea. Hata mkono hakunyoosha. "Bi mkubwa, kazi hii naifanya tangu hujaolewa. Jicho langu ndilo futi." Mbele ya wageni wangu!

Tangi liliingia, ndiyo, kwa kusukumwa na kukwaruza vigae. Ila kifuniko cha themostati, kile kidude kinachoongoza joto la maji, kikaelekea ukutani, pasipopenya kidole. Nikauliza. "Hicho hutakigusa maisha." Akawasha umeme bomba la moto likiwa bado linakohoa hewa, tangi halijajaa. Asubuhi maji baridi. Kitufe cha usalama kimekata umeme, na kitufe kiko wapi? Nyuma ya kifuniko. Kifuniko kiko wapi? Kimebusu chokaa.

Nikapiga simu. Siku ya kwanza, "nakuja mama". Ya pili hapokei. Ya tatu akapokea mtoto. Watu wazima waliokuja kununua korosho wanapelekewa maji kwa ndoo, nimechemsha kwa mkaa. Gesi inachimbwa hapo Msimbati, mimi napepea mkaa!

Aliyeniokoa ni yule kijana, alikuja kivyake, sikumbuki siku, nadhani Jumapili. "Shikamoo mama. Mimi nilijua tu." Akachukua futi yangu msumarini, akapima tangi, akapima pembe, akapima hadi mlango. Akamwaga maji, akalizungusha, kifuniko kikatazama sinki. Akakibonyeza kitufe kwa ncha ya penseli: ka! Kisha akalijaza, akafungua bomba la moto, akasimama kimya akilisikiliza mpaka likaacha kukohoa, ndipo akawasha. Nikampa elfu kumi na sahani ya wali na pweza.

Tangi lenyewe sina neno nalo. Maji moto yanafika hadi chumba cha tano, wageni wananisifu. Nilitaka kuandika msinunue pale, nikajirudi: nunueni, ila ombeni mletewe kijana. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika.

Halafu juzi nimepita dukani kutafuta koki, nikamkuta yule yule amekalia kiti cha plastiki. Akanyanyua sauti wateja wote wasikie: "Bi mkubwa, si nilikwambia litaenea?"

Msinunue pale.