Heda bila gasketi: nimefunga mara tatu ndipo ikatulia

Nilipofungua boksi la heda ya stenlesi (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini) niliyoagiza kwa injini ya silinda nne, nilikuta mabomba, bolti na nati. Gasketi, ile pedi nyembamba ya kuziba upenyo kati ya vyuma viwili, hakuna. Muuzaji akanihakikishia kwamba flanji, yaani bamba la heda linalofungwa kwenye injini, imeshachongwa, chuma kwa chuma kitajiziba. Nilimwamini, maana zipo injini za zamani ambazo manifoldi yake (kikusanya moshi) nzito ya chuma cha kusubu ilikaa moja kwa moja kwenye silinda hedi, kile kichwa cha injini, bila kitu katikati, na moshi haukuvuja.

Asubuhi iliyofuata nikawasha: tik-tik-tik, mfano wa vali iliyolegea. Dakika tano baadaye, injini ikishapata moto, kimya. Sauti hiyo ilinifanya nipoteze siku nzima nikirekebisha vali ambazo hazikuwa na shida yoyote. Kumbe chuma kikipata moto hutanuka na kuziba upenyo. Kikipoa upenyo unarudi. Nilipomulika tochi kwenye tundu la tatu, nikaona masizi yamechanua juu ya alumini ya silinda hedi kama unyoya mweusi.

Nikaishusha heda, nikalaza rula ya chuma juu ya flanji. Fila geji (kijipande chembamba cha kupimia upenyo) ya milimita 0.3 ikapita chini yake bila kukwama. Mabomba ya heda huchomelewa kwenye bamba, na moto wa kuchomelea hulivuta bamba likapinda. Manifoldi ya kusubu ni nene, tena uso wake huchongwa mwishoni, kwa hiyo huwezi kulinganisha vitu hivi viwili.

Mara ya pili nilipaka silikoni ya joto. Haikumaliza wiki mbili, ikawa unga. Silikoni hizo huvumilia nyuzi 300 za Selsiasi na kidogo, wakati moshi wa injini ya petroli iliyobeba mzigo hupita nyuzi 700 pale mlangoni unapotokea kwenye injini. Usijaribu.

Gasketi ya matabaka ya chuma ndiyo iliyonitoa kwenye taabu hii. Ni nyembamba, na kila tundu limezungukwa na tuta dogo. Ukikaza, tuta linabanwa lakini haliachi kusukuma, hivyo linafuata chuma kinapotanuka na kusinyaa. Flanji niliipeleka kuchongwa kwanza. Bamba lililopinda sana halifichwi na gasketi yoyote. Hakikisha pia matundu ya gasketi yanazidi kidogo yale ya heda, yasije yakaziba njia ya moshi. Nilikaza kwa awamu tatu, kuanzia bolti za katikati kwenda pembeni, nikawasha, nikaacha ipoe kabisa, nikakaza tena. Bolti mbili zilikuwa zimelegea.

Nilichofurahia zaidi ni mafuta. Upenyo ule ulikuwa ukivuta hewa ya nje, sensa ya oksijeni inayopima moshi inadhani petroli ni chache, kompyuta ya injini inaongeza. Harufu ya petroli kwenye ekzosi imekwisha.

Nina lalamiko moja tu kuhusu gasketi hii: matuta yakishabanwa hayainuki tena vizuri, kwa hiyo kila nikishusha heda lazima ninunue nyingine.