DOSBox-X ndani ya Windows 11: hesabu za duka zimerudi, printa imenitoa jasho

Wenye haraka nisiwacheleweshe: DOSBox-X, programu inayoiga kompyuta ya zamani ya DOS (mfumo uliotumika kabla ya Windows), inafanya kazi, haina malipo, na nimeipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeinyima kwa sababu ya printa.

Kazi yenyewe ni ya duka la vipuri la ami yangu, Darajani. Stoo na madeni ya wateja yamo kwenye programu ya enzi za DOS: skrini ya buluu, mausi haina kazi, F2 kuingiza mzigo, F10 kuhifadhi. Ami anaichapa bila hata kutazama kibodi. Kompyuta kongwe ilipokufa akanunua laptopu yenye Windows 11, nayo ikaikataa programu papo hapo. Fundi mmoja akamshauri anunue programu mpya. Ami akamwambia, "Mwanangu, na haya madeni ya watu utakuja kuyanakili wewe?"

Kabla ya kupakua chochote, itambue programu yako. Fungua faili la .EXE kwa Notepad. Herufi mbili za mwanzo ni MZ, kifupi cha Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft. Hizo hazikwambii kitu, maana hata programu za leo zinazo. Tazama mbele kidogo. Ukiona PE, ni ya Windows ya biti 32 au 64, na huenda ukaiamsha kwa kuiambia Windows ijifanye ya zamani. NE ni Windows ya biti 16. Ya ami haikuwa na hata moja, na folda imejaa mafaili ya .DBF (majedwali ya data) yenye majina yasiyozidi herufi nane. Basi ni DOS. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, na Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo kubofyabofya hakutakufikisha popote.

Kuiweka ni rahisi. Mwishoni mwa faili la mipangilio la DOSBox-X, sehemu ya autoexec (amri zinazojiendesha inapofunguka), niliandika mount c c:\duka ili folda ya duka iwe diski C, chini yake c:, kisha jina la programu. Ami akibofya ikoni tu, skrini yake ya buluu hiyo. Kupanga upya orodha ya bidhaa kulikuwa kunakokota mpaka nilipoweka cycles=max, yaani iende kwa kasi yote.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba data inabaki kwenye folda ya kawaida ya Windows. Nainakili kwenye flashi kila jioni, na .DBF zinafunguka kwa LibreOffice Calc. Ila toka kwenye programu kwanza ndipo ufunge dirisha, usije ukaharibu mafaili.

Sasa printa. DOSBox ya asili ililenga michezo, kuchapisha si kazi yake. Hii ya X inaweza ukiandika parallel1=printer kwenye mipangilio, lakini risiti zilitoka zimepinda pambizo, namba za bei zimekatika. Mwishowe nimeiacha itoe ukurasa kama picha, nachapisha mwenyewe. Mteja akiwa dirishani anasubiri, inaudhi.

Wenye programu za NE jaribuni kwanza winevdm, programu inayoendesha za Windows ya biti 16 ndani ya Windows ya biti 64. Ni nyepesi kuliko kuweka Windows nzima ya zamani.