Mitaro ya Jangwani ikatokea Uhispania: uzoefu wangu na huduma ya kulipia ya ramani

Mama mmoja mjumbe aliniuliza swali mbele ya kikao kizima, na mpaka leo linaniuma: "Mwanangu, mbona mtaa wetu haupo?"

Tulikuwa ofisi ya serikali ya mtaa, bonde la Msimbazi, siku chache kabla ya masika. Projekta inawaka, wajumbe wamekaa kwenye viti vya plastiki, mwenyekiti ameshafungua kikao. Nilikuwa nimewaahidi kuwaonyesha kila mtaro na kila kalavati linaloziba, yote yamepimwa na vijana wao wenyewe waliopita kwa miguu na simu mkononi. Ukutani palikuwa na mraba mweupe mtupu.

Anayeishi Dar anajua maana yake. Mvua kubwa ikinyesha, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na watu wanabeba magodoro kichwani. Ramani ya mitaro kwa watu hawa si pambo.

Huduma yenyewe siitaji jina. Ni kampuni inayopokea mradi wako wa QGIS, programu ya kutengenezea ramani, kama ulivyo na kuutoa mtandaoni kama WMS, yaani kiwango cha kuomba na kutuma picha za ramani mtandaoni, ili programu yoyote inayofuata kiwango hicho iweze kuusoma. Kikundi chetu tulichanga, tukalipia.

Kazi ya kuandaa faili niliifanya kwa moyo wote, na naomba hilo lieleweke kabla sijafika kwa mhudumu wao. Kwenye ramani ya kuchapa, ukilipa tabaka (kundi moja la vitu vya ramani, kama mitaro au nyumba) jina la hovyo hakuna anayejua. Kwenye WMS jina hilo ndilo programu nyingine inalolitumia kuomba picha, kwa hiyo "Mitaro mipya ya mwisho (2)" haifai kabisa. Nikaweka majina mafupi yasiyo na nafasi wala mabano: mitaro, kalavati, mipaka, nyumba. Njia za faili nikazifanya zianzie pale mradi ulipo, maana seva haiijui diski C ya kompyuta yangu. Fonti nikabadilisha nikatumia ya kawaida, kwa sababu fonti isiyokuwepo kwenye seva hubadilishwa kimyakimya na majina ya mitaa yanapandana.

Lililonikesha ni tabaka la nyumba. Jedwali lake lilikuwa na majina ya wenye kaya na namba zao za simu. Usipozizuia safu hizo, mtu yeyote duniani anayebofya nyumba kwenye ramani anarudishiwa zote na seva, kwani ndivyo ombi la GetFeatureInfo linavyofanya kazi. Kwanza niliondoa tiki safu moja moja. Halafu sikuridhika. Nikatengeneza nakala ya jedwali isiyo na jina la mtu hata mmoja, nikapandisha hiyo. Wale watu walitupa namba zao ili tuwapigie maji yakija, si ili zizagae mtandaoni.

Usiku wa kuamkia kikao nikajaribu kuunganisha kwa QGIS yangu ya nyumbani. Mitaro ikakaa juu ya Jangwani, kila mmoja mahali pake. Nikalala.

Kompyuta ya ofisi ya mtaa haina QGIS, hivyo kikaoni nilifungua ukurasa wa kutazamia ramani wa kampuni hiyohiyo. Mweupe. Nikabofya "kuza hadi tabaka", skrini ikaruka, na mitaro ikaonekana kweli. Nikashusha pumzi. Kisha nikasoma majina ya chini yake: Extremadura. Magharibi ya Uhispania, si mbali na mpaka wa Ureno. Mitaro ya Jangwani imelala juu ya malisho ya watu wengine.

Nikatoka nje nikapiga simu. Nilisalimia vizuri, nikaeleza pole pole. Kijana aliyepokea hakuniacha nimalize.

"Kaka, data zenu ndiyo mbovu. Ramani zenu bado ni Arc 1960, ungesoma kwanza kabla ya kupiga."

Nikamwambia mradi wote hauko kwenye mfumo huo wa zamani wa vipimo vya ramani, uko kwenye ule wa kisasa, WGS 84, UTM kanda ya 37 kusini, nimehakiki.

"Basi rudi shule, kaka. Sisi seva yetu inafuata viwango." Akakata.

Naomba nijibu hapa, kwa kuwa kule hakunisikiliza. Arc 1960 naijua. Ukichukua kipimo cha Arc 1960 ukakiita WGS 84, mtaro wako unasogea kama mita 300 hivi, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini-kusini. Ni kosa baya, linaupeleka mtaro mtaa wa pili. Lakini kutoka Jangwani hadi Extremadura ni karibu kilomita 7,000! Mtu anayeuza huduma ya ramani hawezi kukosa kuona tofauti hiyo, labda kama hataki kuiona.

Jibu nililipata mwenyewe siku iliyofuata, nikisoma maombi ambayo ule ukurasa ulikuwa unayatuma. Jangwani iko latitudo -6.8 na longitudo 39.27, kwa makadirio. Ukizigeuza, latitudo 39.27 na longitudo -6.8, umefika Extremadura. Toleo la 1.1.1 la WMS, kwa mfumo wenye namba EPSG:4326, yaani latitudo na longitudo za WGS 84, hutanguliza longitudo. Toleo la 1.3.0 hutanguliza latitudo, kwa sababu ndivyo mfumo wenyewe ulivyosajiliwa. Seva yao ilikuwa inajibu kwa 1.3.0, tena kwa usahihi kabisa. Ukurasa wao wa kutazamia ulikuwa unasema 1.3.0 huku ukiandika namba kwa mpangilio wa zamani. Ndiyo maana QGIS iliona sawa na wao wenyewe wakaona Uhispania.

Kwa hiyo kijana yule alisema kweli: seva inafuata viwango. Nalikubali hilo bila kinyongo. Nikaingia kwenye mipangilio ya mradi, nikaondoa 4326 kwenye orodha ya mifumo inayotangazwa, nikabakiza EPSG:32737, ndiyo ile UTM kanda ya 37 kusini, na EPSG:3857, inayotumiwa na ramani nyingi za mtandaoni, ambayo yote hutanguliza mashariki kisha kaskazini katika matoleo yote mawili. Nikapandisha upya. Ukurasa wao ukaleta Jangwani mara moja. Ni haraka, picha ni safi, na tangu hapo haijazima hata siku moja, hata siku ile ya mvua mbaya ambayo vijana walikuwa wanaifungua kwenye simu wakitafuta kalavati la kuzibua. Nilitaka kuwapa nyota nne. Kweli nilitaka.

Ila nikimkumbuka yule mama kalamu inagoma. Nilirudi mtaani wiki iliyofuata, nikamwamkia, nikamwonyesha nyumba yake kwenye simu na mtaro unaopita nyuma ya choo. Akaangalia sana, akasema, "Haya, lakini siku ile ulituaibisha." Alisema kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko maneno ya mwenyekiti. Aibu ile si yangu. Niliwaandikia kampuni maelezo kamili: ombi lenyewe, namba zilizogeuzwa, mstari wa kurekebisha. Wakajibu "tiketi imefungwa". Hakuna samahani, hakuna asante. Seva nzuri naweza kuipata kwingine, au nikajifunza kuiendesha QGIS Server mwenyewe, programu haiuzwi. Basi nyota mbili. Moja ya seva, na ya pili ni ya siku ile ya mvua.

Asubuhi hii kabla ya kuandika nimepandisha mradi wa majaribio wenye tabaka moja tu, nikaiacha 4326 kwenye orodha. Nikafungua ukurasa wao, nikabofya "kuza hadi tabaka".

Bado Extremadura.