Kutoa kizazi kwa matundu madogo: uliza kilitokaje, usihesabu matundu

Kwa saratani ya utando wa ndani wa mfuko wa uzazi iliyogunduliwa mapema, upasuaji wa kutoa kizazi kwa matundu madogo unastahili sifa, ila wengi huusifia kisicho chake. Matundu hayaponyi kuliko kisu. Utafiti wa LACE wa wanawake 760 wa Australia, New Zealand na Hong Kong, uliochapishwa 2017, ulikuta asilimia 81.3 ya waliopasuliwa tumbo hawana ugonjwa baada ya miaka 4.5. Kwa waliotobolewa ilikuwa 81.6. Tofauti iko wodini: kidonda kidogo, mshono hauoti usaha kirahisi, na mgonjwa huruhusiwa mapema.

Anapewa nusukaputi, kisha meza inainamishwa kichwa chini ili utumbo upishe nyonga. Tundu la kamera, la milimita 10 hivi, huwa kitovuni. Mengine mawili matatu ni ya milimita 5. Tumbo hujazwa kaboni dioksaidi kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Gesi hiyo ndiyo inayouma begani siku mbili tatu baadaye. Kutembea kunasaidia. Pumzi ikikatika au mguu mmoja ukivimba, hapo si gesi tena, huenda damu imeganda. Rudi hospitali saa hiyohiyo.

Kipimo chetu kikubwa ni namna kizazi kinavyotoka. Kitoke kizima kupitia ukeni, pamoja na shingo yake, mirija na, kwa kawaida, ovari. Kukikatakata ndani ya tumbo ni kupanda saratani upya, na mwanapatholojia, daktari anayekipima maabara, hataweza kujua saratani imezama kiasi gani kwenye msuli. Kikiwa kikubwa kuliko njia, daktari mzuri anapasua kidogo chini ya kitovu akitoe kizima, wala hajashindwa kazi. Angalia pia chombo cha kukisukumia kizazi kinachopitishwa ukeni: kikisukumwa kwa pupa hutoboa ukuta.

Tezi za limfu za nyonga, ambako saratani huweza kusambaa, hazing'olewi zote siku hizi panapokuwa na vifaa. Rangi ya kijani, indosayanini, hudungwa kwenye shingo ya kizazi upande wa saa tatu na wa saa tisa (saa za Kiswahili au za Kizungu, pande ni zilezile), kamera maalumu ikaonyesha tezi ya kwanza kupokea. Hiyo ndiyo hutolewa, na hatari ya miguu kuvimba hupungua. Upande usipowaka, tezi za upande huo huhitaji uamuzi mwingine, na uamuzi huo ujadiliwe kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Dosari ya huduma hii ni mshono wa juu ya uke, unaoachia mara nyingi zaidi kidogo kuliko kwa upasuaji wa wazi. Kifaa cha umeme kikiunguza kingo sana, nyama hufa na uzi haushiki. Tendo la ndoa lisubiri angalau wiki 8, na daktari aukague mshono kwanza. Maji mengi kutoka ukeni au kitu kinachotokeza ni dharura.

Fomu ya ridhaa iseme wazi kwamba tumbo linaweza kufunguliwa. Katika utafiti wa LAP2 wa Marekani, wenye wagonjwa 2,616, karibu robo ya waliopangiwa matundu waliishia kupasuliwa, hasa kwa sababu daktari hakuona vizuri. Kwa wanene sana walizidi nusu. Hapo ndipo roboti ya upasuaji, inayoongozwa na daktari, husaidia. Kwa mgonjwa mwembamba ni bei tu inayopanda.

Tahadhari ya jina: watu husema “saratani ya kizazi” wakimaanisha shingo ya kizazi. Huo ni ugonjwa mwingine, na matokeo ya 2018 ya LACC, utafiti wa saratani hiyo ya shingo, yalionyesha kuwa kwa upasuaji wake mkubwa, matundu yalileta vifo zaidi. Hakikisha jibu la biopsi, yaani kipimo cha kinyama kilichokatwa, linasema ni ipi kabla hujalipia chochote.