Birika la umeme lenye plastiki kidogo ndani: uzoefu wangu

Nyumbani kwetu Dar es Salaam birika la umeme si la chai peke yake. Maji yote ya kunywa hupitia humo: asubuhi linajazwa na kuchemshwa, maji yanaachwa yapoe humo humo kabla ya kumiminwa kwenye ndoo ya kunywea, na usiku linachemshwa tena kwa ajili ya chupa ya chai. Kwa matumizi ya namna hiyo maji hukaa ndani ya birika kwa saa nyingi, sehemu kubwa ya muda huo yakiwa ya moto, na ndiyo sababu ulipofika wakati wa kununua jipya nilitaka kujua kila kinachogusa maji na mvuke kimetengenezwa kwa kitu gani. Ninaandika kwa ajili ya yeyote anayetafuta birika lenye plastiki kidogo iwezekanavyo ndani, kwa kuwa kulipata si rahisi kama maandishi ya kwenye maboksi yanavyodai.

Sina nia ya kumtisha mtu. Plastiki inayotumika zaidi kwenye mabirika ni polipropilini, ile yenye alama ya namba 5 ndani ya pembetatu, na huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 160 hivi, kwa hiyo maji yanayochemka hayaiyeyushi. Hata hivyo, kutoyeyuka si sawa na kutotoa chochote. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo cha Trinity cha Dublin, Ayalandi, walichapisha utafiti kuhusu chupa za kunyonyeshea watoto zilizotengenezwa kwa polipropilini, wakakuta kwamba zinaweza kutoa hadi chembe milioni 16 za plastiki katika lita moja, na kwamba kadiri maji yanavyokuwa ya moto ndivyo chembe zinavyoongezeka. Hizo zilikuwa chupa, wala si mabirika, na madhara ya chembe hizo mwilini bado yanachunguzwa. Kuhusu kemikali ya BPA, ambayo hupatikana hasa kwenye plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011, na mwishoni mwa mwaka 2024 ukapitisha kanuni ya kuiondoa kwenye karibu vyombo vyote vinavyogusa chakula. Kwangu mimi hayo yalitosha. Kama ninaweza kuchemsha maji ya familia kwenye chuma kwa tofauti ndogo ya bei, sioni sababu ya kuyachemsha kwenye plastiki. Niongeze kwamba boksi lililoandikwa kuwa birika halina BPA linazungumzia kemikali moja tu. Birika lenyewe linaweza kuwa plastiki tupu kuanzia kitako hadi kifuniko.

Kariakoo mabirika yamepangwa kwa mamia, na mengi yanang'aa. Yanayong'aa ni ya chuma kisichoshika kutu, au stenlesi kama wauzaji wanavyoiita, na mteja akisema hataki plastiki ndiyo atakayopewa kwanza. Kijana mmoja alinikabidhi moja akisema, "Dada, hili ni stenlesi tupu, plastiki ni hapa pa kushikia tu." Nilimshukuru, nikawasha tochi ya simu na kumulika ndani. Ubavuni mwa birika lile kulikuwa na kidirisha kirefu cha kuonyesha kiwango cha maji, na kidirisha hicho kilikuwa ukanda wa plastiki uliopenyezwa kwenye mpasuko wa chuma na kuzungushiwa raba, kuanzia karibu na kitako hadi juu. Kila tone linalochemka humo linagusana nacho. Isitoshe, hapo ndipo mabirika mengi ya aina hiyo huanzia kuvuja, kwa sababu plastiki na chuma hutanuka kwa viwango tofauti vinapopata joto, na baada ya muda raba inachoka. Kijana alipoona ninachokiangalia aliniletea mengine bila kunung'unika, na tukaanza kuyamulika pamoja, moja baada ya jingine.

Baada ya kidirisha, sehemu inayosahaulika zaidi ni upande wa chini wa kifuniko. Maji yakichemka, mvuke hupanda, hugonga kifuniko, hugeuka matone na kudondokea tena kwenye maji. Kifuniko kinaweza kuwa na bati zuri juu, lakini ukikigeuza unakuta chini yake ni plastiki nyeusi yote. Niliyaacha mabirika mengi kwa sababu hiyo moja. Halafu kuna njia ya mvuke. Birika la umeme hujizima kwa sababu mvuke hupitishwa hadi kwenye kisahani kidogo cha metali mbili zilizounganishwa, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti; kikipata joto la mvuke kisahani hicho hujipindua ghafla na kukata umeme. Kampuni ya Strix ya Kisiwa cha Man imejulikana duniani kwa vifaa hivi, na baadhi ya maboksi hutaja jina lake kwa fahari. Katika mabirika mengine kisahani kiko kwenye mkono, na mvuke hukifikia kupitia matundu madogo yaliyo juu kabisa ya ukuta wa chuma. Katika mengine kiko chini ya kitako, na hapo mvuke huteremshwa kwa mrija unaopita ndani ya birika, katikati ya maji. Mrija huo mara nyingi ni wa plastiki. Ukiona kitu kama bomba jembamba limesimama karibu na mkono kwa ndani, uliza ni cha nini na ukiguse.

Ya kioo niliyatamani sana, kwa kuwa unaona maji na uchafu wake wote. Kioo chenyewe hakina tatizo. Tatizo lipo pale kilipoungana na vitu vingine: chini hugandishwa kwenye sahani ya chuma kwa silikoni, ambayo inavumilia joto vizuri na mimi siihofii, lakini juu karibu yote niliyoyaona yalikuwa na pete ya plastiki inayoshika mdomo, bawaba na kifuniko, na maji hupita juu ya pete hiyo kila unapomimina. Sakafu yetu ni ya vigae na watoto hawajakua, kwa hiyo nikaendelea kutafuta.

Nililonunua hatimaye, kwa shilingi 65,000, ni lile ambalo nadhani wanunuzi wengi wenye hofu kama yangu hulipita bila kuligusa, kwa sababu kwa nje ni plastiki nyeupe yote. Ni birika la kuta mbili. Ukuta wa nje ni plastiki na haukutani na maji kabisa. Wa ndani ni chombo kimoja cha stenlesi, kitako na ubavu na mdomo vyote vikiwa kipande kimoja kisicho na mshono unaoonekana, kama sufuria refu. Hakuna kidirisha. Kifuniko chake kwa chini kina kisahani cha chuma kinachozungukwa na raba nyembamba ya silikoni. Matundu ya mvuke yametobolewa juu kwenye chuma, upande wa mkono, mahali ambapo maji hayafiki isipokuwa birika likijazwa kupita alama. Plastiki pekee niliyoikuta ndani ni fremu ya chujio la mdomoni, na hiyo huchomolewa kwa kidole. Niliitoa siku ile ile na sijairudisha. Chapa yake siitaji, kwa kuwa umbo hilo hilo nimeliona dukani likiwa na majina tofauti, na jina halitamsaidia msomaji kama kumulika ndani kutakavyomsaidia. Ila si kila birika la kuta mbili liko hivi. Nimeona mawili yaliyofanana na langu kwa nje, lakini vifuniko vyake vilikuwa plastiki tupu kwa ndani.

Kuhusu aina ya chuma, muuzaji mwingine alinionyesha sumaku isiyonata kwenye birika na kusema huo ni ushahidi wa stenlesi bora. Sumaku haiwezi kuthibitisha hilo. Stenlesi ya daraja la 304, ambayo ina takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, hainasi sumaku, na ile ya daraja la 201, iliyopunguzwa nikeli na kuongezwa manganizi ili iwe rahisi kwa bei, nayo kwa kawaida hainasi. Tofauti yake huonekana baadaye, 201 ikianza kutoa madoa ya kutu mapema zaidi, hasa kwenye maji yenye chumvi kama ya visima vingi vya jijini. Langu limegongwa namba 304 kwenye kitako kwa ndani. Namba inaweza kugongwa na yeyote, kwa hiyo kilichonipa imani zaidi ni kwamba mpaka sasa, baada ya miezi mingi ya matumizi ya kila siku, pale kitako kinapokutana na ubavu hapana hata doa moja la rangi ya kahawia. Hapo ndipo pa kuchunguza kwanza katika birika lolote la chuma.

Utendaji wake unaniridhisha. Lina wati 1500 na ujazo wa lita 1.8, na plagi yake ni ya pini tatu bapa zinazoingia kwenye soketi zetu bila kuhangaika na adapta. Lita moja huchemka kwa dakika nne hivi na hula kama sehemu ya kumi ya uniti ya LUKU, kiasi ambacho hakitofautiani sana na birika jingine lolote, kwa kuwa maji yanahitaji joto lile lile popote yalipo. Faida ya kuta mbili iko kwingine. Ukuta wa nje unabaki na uvuguvugu tu wakati maji yanatokota, kwa hiyo mtoto akiligusa haungui, na maji yanabaki ya moto kwa muda mrefu kuliko kwenye bati moja. Kwa chai ni faida. Kwa maji ya kunywa inakuwa kero, maana ukitaka yapoe haraka inabidi uyamimine kwenye sufuria la stenlesi, na nadhani ni vyema kufanya hivyo kuliko kuyamimina ya moto kwenye ndoo ya plastiki, kwani hapo kazi yote ya kuchagua birika itakuwa imepotea.

Lilipokuwa jipya lilikuwa na harufu ya mafuta ya kiwandani. Nililiosha kwa sabuni laini, nikachemsha maji yaliyokamuliwa ndimu, nikayamwaga, kisha nikarudia kwa maji matupu hadi harufu ikaisha. Harufu ya chuma kipya huondoka kabisa. Ile ya plastiki huweza kurudi kila birika linapopata joto, na hiyo ni njia nzuri ya kulipima birika ambalo tayari unalo: chemsha maji, yamwage, funga kifuniko kwa dakika chache, kisha fungua na unuse. Utando mweupe wa chokaa unaojijenga chini nautoa kwa ndimu hiyo hiyo au siki, ninaacha ikae humo nusu saa na kusuuza. Situmii sitili waya, kwa sababu mikwaruzo huwa mlango wa kutu.

Kasoro zipo. Bila kidirisha lazima ufunue ili ujue maji yamefika wapi, na alama za kiwango zilizogongwa ndani ya chuma hazionekani vizuri jikoni kukiwa na mwanga hafifu. Mama mkwe wangu, ambaye macho yake yamepungua nguvu, hupima kwa vikombe kabla ya kujaza. Ni zito likijaa. Kifuniko kisipofungwa sawasawa halijizimi, kwa sababu mvuke unatoroka bila kufika kwenye kisahani, na linaendelea kutokota hadi mtu aje alizime. Vilevile umeme ukikatika kabla maji hayajachemka, swichi inabaki imeshuka, na umeme ukirudi birika linaendelea na kazi hata kama hakuna mtu jikoni. Tumezoea kulinyanyua kutoka kwenye kiti chake kila umeme unapokatika, na ningemshauri kila mwenye birika la umeme afanye hivyo.

Ujazo nao ni mdogo kwa nyumba ya watu sita. Nimeuliza madukani kama lipo la lita mbili na nusu lenye ndani ya namna hii, lakini makubwa yote niliyoonyeshwa yalikuwa ya ukuta mmoja na yana kidirisha ubavuni. Likipatikana lisilo na kidirisha, lenye kifuniko cha chuma kwa ndani, nitalinunua kwa ajili ya maji ya kunywa, na hili litabaki la chai.